Dari lisifungwe kabla dakti hazijapimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wamiliki wa majengo ya biashara yanayojengwa Arusha na Moshi, pamoja na wasanifu na makandarasi wao, kuhusu dakti za kuta mbili, yaani njia za bati zinazopitisha hewa ya viyoyozi juu ya dari.

Kufunga dakti hizi ndiyo kazi yangu, na naziunga mkono kwa dhati. Kati ya bati la ndani na bati la nje hukaa sufi ya kioo (nyuzi laini za kioo zinazozuia joto) yenye unene wa milimita 25 au 50, hivyo nyuzi zake haziingii kwenye hewa tunayovuta, wala haichanwi na fundi umeme anayetambaa darini akipitisha nyaya, kama inavyotokea kwa dakti ya bati moja iliyofungiwa sufi kwa nje. Faida nyingine ni kuzuia unyevu, kwa kuwa sufi hulikinga bati la nje lisipoe. Hewa inayotoka kwenye mtambo huwa na nyuzi joto 13 hivi. Wakati wa masika, hewa ya darini ikiwa na nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 70, bati lolote lililopoa chini ya nyuzi 19 litatoa jasho, na mwenye jengo atakapoona mabaka kwenye jipsamu atamwita fundi wa paa bure.

Hata hivyo, dakti nzuri huharibiwa na nafasi finyu. Dakti ya duara yenye kipenyo cha ndani cha milimita 400 na sufi ya milimita 50 ina kipenyo cha nje cha milimita 500, kabla hata hujahesabu vyuma vya kuining'iniza. Mchoro ukionyesha kipimo cha ndani peke yake, fundi anafika na kukuta boriti imemwachia milimita 420, kisha anaambiwa apunguze kidogo. Huko kupunguza kidogo, yaani kutoka 400 hadi 300, kunaondoa takribani asilimia 44 ya njia ya hewa, na hewa ileile ikilazimishwa kupita humo itakwenda kwa kasi ya karibu mara 1.8, kwa kelele ambayo hakuna mgeni wa hoteli atakayeivumilia. Kwa Arusha jambo hili ni zito zaidi, maana mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Ili kubeba joto lilelile tunahitaji kusukuma hewa nyingi zaidi, wala si kidogo. Mchoro wa pwani haufai kuletwa huku bila kupigiwa hesabu upya.

Kuna pia suala la maungio. Bati la ndani lina ungio lake na la nje lina lake, na yote mawili yanahitaji gundi ya kuzibia, lakini kwa kuwa la nje ndilo linaloonekana, la ndani husahauliwa. Vivyo hivyo tundu la tawi linapokatwa, ukingo wa sufi lazima ufunikwe kwa bati. Katika ofisi moja mjini hapa nilifungua dari nikakuta sufi imelowa na kuwa nyeusi kuzunguka tundu la namna hiyo, ilhali dakti kwa nje ilikuwa inang'aa kama mpya.

Kasoro hizi hubainika kwa kipimo cha kuvuja: ncha za dakti huzibwa, feni ndogo ikasukuma hewa ndani hadi presha iliyokusudiwa, kisha hupimwa ni hewa kiasi gani inapotea. Dari likishafungwa, kipimo hiki bado kinawezekana lakini kuziba palipovuja kunamaanisha kubomoa jipsamu iliyokwisha kupakwa rangi.

Kwa hiyo nawaomba wamiliki waandike katika mikataba yao kwamba fundi wa dari hataanza kazi mpaka mhandisi wa mitambo awe ametia saini matokeo ya kipimo hicho. Naziomba pia Halmashauri ya Jiji la Arusha na ile ya Manispaa ya Moshi, zinapopitia michoro ya majengo makubwa kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, zidai kipimo cha nje cha kila dakti kionyeshwe pamoja na nafasi iliyopo chini ya boriti.

Fundi wa viyoyozi,
Arusha