Wakutubi wafundishwe kutafuta ushahidi wa tiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wakutubi wa hospitali na vyuo vya afya. Wengi wetu tulisomea kuorodhesha vitabu, kuvipanga na kuviazimisha. Ni kazi yenye heshima, lakini daktari anayetaka kujua kama dawa fulani itamfaa mgonjwa wake anahitaji mtu mwenye ujuzi wa kusaka tafiti, na ujuzi huo haupatikani kwa kukaa tu maktabani.

Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwanamke wa miaka 24 aliyejitolea kwenye utafiti wa pumu alifariki baada ya kuvuta dawa iitwayo hexamethonium. Mtafiti alikuwa ameangalia PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, kabla ya kuanza, ila wakati huo kumbukumbu zake zilianzia 1966. Makala za miaka ya 1950 zilizoeleza madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu zilibaki nje. Kujua hifadhidata inaanzia wapi na inaacha nini ni somo la mwanzo kabisa kwa mkutubi wa tiba.

Nasikia wakisema mambo yote sasa yamo kwenye intaneti. Ni kweli PubMed ni bure tangu 1997, na tangu 2002 mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani unazipa nchi za kipato cha chini majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Lakini nani atayachambua?

Tuseme muuguzi anauliza: mtoto anayeharisha akipewa zinki, atapona mapema? Mkutubi aliyefunzwa hulivunja swali hilo kwanza: mgonjwa ni nani, anapewa nini, analinganishwa na nani, matokeo gani yanatazamwa. Kisha hutafuta maneno ya kila sehemu. Ataandika diarrhea na diarrhoea, maana Wamarekani na Waingereza hawaliandiki sawa, ayaunganishe kwa OR (yaani “au”), halafu aongeze neno rasmi la MeSH, orodha ya maneno ya mada yanayotumika kuainisha makala za tiba. Akitegemea MeSH peke yake atapoteza mengi, kwani si kila makala ya PubMed imepewa maneno hayo. Na kabla ya kuhangaika na jaribio mojamoja, atapitia mapitio ya kimfumo (yanayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja) ya mtandao wa Cochrane. Muuguzi wa zamu ya usiku atayafanya haya saa ngapi?

Semina ya slaidi ya siku moja haimjengi mtu wa namna hii, na inaniuma kuona ndiyo tunayopewa mara nyingi. Apewe maswali halisi ya wodini, atafute, aandike kila hatua, na mkutubi mzoefu azikague.

Vyuo vya ukutubi viliingize somo hili kwenye mtaala. Hospitali nazo zimlipie mkutubi mafunzo kama zinavyowalipia wauguzi, na akirudi aingie kwenye raundi za wodi, ayachukue maswali pale pale yanapoulizwa.

Wako,
Mkutubi wa maktaba ya tiba