Kumlea mbwa bila fimbo

Ujiji, Kigoma

Swahiba wangu,

Salaam, na poleni na jua la Tabora. Umeuliza kama kumdekeza mtoto wa mbwa kutamharibu, kwa kuwa majirani hapo Isevya wanakwambia mbwa asiyeonja fimbo hafai kulinda. Sikubaliani nao. Kinachomharibu ni amri zinazogeuka: leo watoto wanacheka akiwarukia, kesho anachapwa kwa kuruka kulekule. Mpende upendavyo, ila masharti yawe machache na wote mnaoishi humo, hadi dada wa kazi, myashike sawasawa. Kubalianeni hata maneno. Huyu akisema "keti", yule "kaa chini", mwingine "tulia", mbwa hatamsikia yeyote.

Kwa kuwa ana wiki tisa, somo lisizidi dakika tano, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni jua likiwa limepoa, naye awe hajala. Mlipe dagaa. Chagua wasio na chumvi, toa kichwa, kata vipande vidogo kama punje ya haragwe. Vikiwa vikubwa atashiba kabla hajajifunza. Shika kipande karibu na pua yake, kipeleke taratibu juu, kuelekea kisogoni. Kichwa kikiinuka, makalio yatashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, sema "vizuri" na umpe papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa akasimama, umemlipa kwa kusimama. Akiruka badala ya kuketi, mkono wako uko juu mno. Usimkandamize mgongo, maana atajifunza kushindana na mkono. Akishaelewa, punguza dagaa, lakini sifa na kumpapasa kifuani visikome.

Kuruka ndiko kutakakokuletea maneno mtaani. Jirani anayetoka msikitini hataki mate ya mbwa kwenye kanzu yake, na ana haki. Mbwa akikurukia, geuka, kunja mikono, nyamaza. Kumsukuma au kumfokea kwake ni mchezo. Miguu yote minne ikiwa chini, inama umpapase. Siku za mwanzo atazidisha, kwa sababu kuruka kulimpa alichotaka. Hapo ndipo wengi huchoka wakamshika, na mbwa anaondoka na somo kwamba akisumbua zaidi hupata. Akija mgeni, mfunge kamba fupi kwanza, ya meta moja na nusu hivi.

Kung'ata ni hivyohivyo: mchezo unakwisha, ondoka nusu dakika, kisha mpe kitambaa cha zamani kilichofungwa fundo atafune. Watoto waonywe wasikimbie wakipiga kelele, kwani hilo humchochea.

Kuhusu mkojo sebuleni, usimburute ukamsugua pua. Utaniambia anajua kosa lake, mbona anainamisha kichwa? Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio lililoonyesha kwamba sura hiyo ya kukiri kosa hujitokeza zaidi mbwa anapogombezwa, hata kama hakula alichokatazwa. Anaogopa sauti yako tu. Mkojo wa saa iliyopita hauhusishi na chochote. Ukimpiga, atajifunza kukojoa nyuma ya kochi usikomwona. Mtoe nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, msubiri, kisha msifu palepale. Ndani, futa kwa maji yenye siki, maana harufu ikibaki atarudi hapohapo.

Sasa ulinzi. Wapo wanaomfunga mnyororo mchana kutwa na kumtilia pilipili kwenye chakula ili awe mkali. Pilipili itamuumiza tumbo tu. Mnyororo humfanya mbwa mwoga, na mbwa mwoga hung'ata yeyote, mwanao akiwemo. Mpe banda lenye kivuli na maji, na katika wiki hizi aone watu wengi: wazee wenye bakora, waendesha bodaboda, wanawake wenye mitandio, watoto wa shule. Akishamzoea kila mtu wa kawaida, ndipo atamtambua asiye wa kawaida.

Jambo moja usilivunje kabisa: usimwite "njoo" ili umwadhibu, wala umuogeshe kama hapendi kuoga. Mfuate mwenyewe. Neno hilo limletee heri kila mara, maana ndilo litakalomrudisha akitoroka kuelekea barabarani.

Akifikisha miezi mitatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Akimchubua mtoto kwa meno, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mwende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.

Dagaa nitakufungashia kilo mbili, mtu wangu anakuja huko na treni. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Swahiba wa Ujiji