Shosho, nimelikuta jina la Kiambu huku Devon

Exeter, Devon, Uingereza

Mpendwa Shosho,

Natumaini u mzima na lile goti limepata nafuu. Mdogo wangu akusomee polepole, asiruke mahali.

Wiki jana nilimsindikiza mwenzangu wa kazini, dada kutoka Uganda, akale kiapo cha uraia. Mbele ya ukumbi palikuwa na picha ya Mfalme, na kando yake mama wa makamo mwenye beji kifuani, anawapa watu mkono mmoja mmoja na kuwakabidhi vyeti. Nikaambiwa huyo ni naibu wa Lord-Lieutenant, yaani mmoja wa wanaosimama mahali pa Mfalme katika kaunti. Si kama gavana wetu wa kupigiwa kura. Huyu huteuliwa, wala halipwi mshahara. Zamani mwenye cheo hicho ndiye aliyekusanya askari wa kaunti, na mpaka leo maafisa wa jeshi waliostaafu hawakosekani humo.

Jioni nikatafuta waliowahi kuwa manaibu hapa Devon. Nikakutana na Frank Kitson, na katika habari zake neno Kiambu. Shosho, nilikaa kitako.

Alizaliwa London mwaka 1926. Mwaka 1953, Hali ya Hatari ikiwa imeshatangazwa dhidi ya Mau Mau, aliletwa Kenya akiwa na miaka 26 kushughulikia upelelezi wa kijeshi Kiambu na Thika. Kilichompa jina ni magenge bandia. Mpiganaji wa msituni akikamatwa aligeuzwa, akavalishwa tena nguo zake za msituni, akarudishwa usiku kwa wenzake kana kwamba bado ni wao. Maafisa wa kizungu walijipaka rangi nyeusi usoni wakafuatana nao. Mwaka 1955 akapewa nishani. Kisha Malaya, Oman, Kupro, na Belfast kuanzia 1970 hadi 1972. Aliyojifunza kwetu aliyaandika vitabuni, yakasomwa na majeshi ya nchi nyingine. Kufikia 1982 alikuwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu hapa Uingereza, akaitwa Sir, na mwaka 1989 akawa naibu wa Lord-Lieutenant wa Devon. Alifariki Januari 2024, ana miaka 97. Maisha yake yote yameandikwa, mwaka kwa mwaka.

Nikamkumbuka Guka, babu yangu. Aliyemnyoshea kidole simjui, wala sisemi ni kazi ya afisa huyu. Lakini nakumbuka ulivyonisimulia siku ile ukipukuchua mahindi, vidole vyako vikasimama. Mlipangwa mstari, akaletwa gakunia, mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, matundu mawili tu ya macho. Akitikisa kichwa, umekwisha. Wewe ulimtazama macho. Guka alimtazama miguu, akazijua zile akala, maana aliyezikata kutoka kwenye tairi ni yeye mwenyewe. Akapelekwa Manyani, kwenye kambi ya kizuizini. Aliporudi hakutaja jina hata mara moja, na ulisema kanisani walikaa benchi moja miaka mingi.

Hilo ndilo linaloniuma. Kule kumfanya jirani amwogope jirani huku kuliitwa ustadi, na kukampandisha mtu cheo baada ya cheo. Mwaka 2013 serikali ya huku ilisema inajutia mateso yale, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228. Guka alikuwa ameshazikwa. Jina lake halimo katika karatasi yoyote ninayoijua, isipokuwa ile Biblia yako.

Kwa hiyo nina ombi. Sitaki uniambie akala zilikuwa za nani. Guka alinyamaza, nami nitanyamaza. Nataka hayo mengine: ule mtaro mliochimbishwa kuzunguka kijiji, miti iliyochongwa ncha mkaisimika ndani yake, saa ya kurudi kutoka shambani, mlichokipika siku ambazo hamkuruhusiwa kutoka, wimbo mliouimba mkichimba. Mdogo wangu aweke simu mezani irekodi, awe anakuuliza kidogo kidogo asubuhi, kabla jua halijakuchosha. Useme kwa Kikuyu, nitaandika mwenyewe neno kwa neno.

Aanze na mwaka Guka alipozaliwa. Sikuwahi kuuliza.

Pesa za dawa ya goti nimezituma kwa simu yake.

Mjukuu wako akupendaye