Barua kwa swahiba anayetaka kufungua chuo

Swahiba,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Mama hajambo, goti tu ndilo linalomsumbua, na anauliza kama yale mafuta ya kuchua uliyomletea mara ile bado yanapatikana huko Seattle.

Ile michoro uliyonitumia WhatsApp nimeifungua. Maktaba ya ghorofa nne, bwawa la samaki mbele yake, na sanamu ambayo sikuitambua ni ya nani, ila naomba Mungu isiwe yako. Hii ni Desemba ya sita unaniambia unarudi kufungua chuo ambacho kijana wa kompyuta atasoma na falsafa, na wa biashara atasoma na fasihi, kama ulivyosoma wewe. Sikucheki. Ila mimi ni mhasibu wa shule, huu mwaka wa kumi na tisa, na kwenye michoro yako sijaona dirisha la kulipia ada.

Kuna Mghana mmoja, Patrick Awuah, aliyepita njia hiyohiyo akitokea upande huohuo unaoishi. Alisoma kwa ufadhili katika chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, akamaliza 1989: uhandisi, lakini umechanganywa na masomo mengine chungu nzima. Akafanya kazi Microsoft miaka kadhaa. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, katikati ya miaka ya tisini, Rwanda na Somalia zinawaka, akaanza kujiuliza huyu mtoto Afrika ataitazamaje. Akaacha kazi, akaenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kusomea uendeshaji wa biashara, na 2002 akafungua chuo chake, Ashesi, mjini Accra. Kwa Kiakan, lugha ya huko Ghana, jina hilo maana yake ni mwanzo.

Sasa hapa ndipo nataka utulie. Alifungua na wanafunzi 30, ndani ya nyumba ya kupanga mtaa wa Labone. Hakukuwa na bwawa. Chuo hakikuhamia kwenye majengo yake, kule kilimani Berekuso, mpaka 2011. Miaka tisa, bwana, kodi ya nyumba inalipwa kama wapangaji wengine! Na shahada walizopata vijana wake zilitolewa na Chuo Kikuu cha Cape Coast, kilichokuwa mlezi, hadi 2018 serikali ilipoipa Ashesi hati ya kutoa shahada zake yenyewe. Wewe ambaye foleni ya kitambulisho pale NIDA ilikushinda ukaondoka saa nne asubuhi, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, utawaweza?

Wenzetu mkuu wa namna hiyo humwita rais wa chuo. Huku ungesikia cheo hicho ungetafuta ving'ora. Kumbe kazi yenyewe, kwa jinsi ninavyoiona mimi niliyekaa upande wa hesabu, ni kuomba. Unaomba wafadhili, unawaomba walimu wazuri wakubali mshahara mdogo, unawaomba wazazi wamwamini kijana anayesoma falsafa wakati wao wanataka awe mhasibu. (Waambie wasihangaike sana na uhasibu.)

Lililonigusa zaidi ni hili. Awuah ni mhandisi, lakini Ashesi ilianza kufundisha uhandisi mwaka 2015. Miaka kumi na tatu mtu anaendesha chuo kisicho na fani yake mwenyewe! Walianza na biashara na kompyuta, na kila mwanafunzi akapitia masomo ya jumla na semina za uongozi. Maabara ni ghali, nani asiyejua. Viti na ubao ni rahisi. Wewe ungeweza kusubiri hivyo? Nakuuliza kwa upendo.

Halafu mtihani. Mwaka 2008 wanafunzi wa Ashesi walianza kupiga kura wenyewe, darasa kwa darasa, kukubali kanuni ya uaminifu: mtihani unafanywa bila msimamizi, na anayeona mwenzake anaibia anatakiwa aseme. Mimi nimesimamia mitihani. Nimemkuta mtoto ameandika tarehe zote za Vita vya Majimaji kwenye paja, kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa daftarini. Kwa hiyo niliposoma habari hiyo niliweka simu chini kidogo. Rais angeweza kutoa amri tu, ikabandikwa ubaoni, ikasahaulika. Yeye aliacha wajadiliane mpaka wakubali wenyewe.

Tuzo zilikuja: ya MacArthur ya Marekani 2015, na ya WISE, ya mambo ya elimu, 2017. Lakini mwenyewe amewahi kusimulia barua pepe ya mwanafunzi wa mwanzo, fupi kabisa, iliyosema kwamba sasa anafikiri, na ahsante. Nadhani siku za kodi kuchelewa ndiyo aliyokuwa akiisoma.

Haya, la mwisho. Nyumba ya marehemu babu yako pale Ngamiani ina vyumba vitano na ua. Amepanga mfanyabiashara wa saruji, mkataba unaisha Machi. Paa ni zima, choo kinahitaji fundi, na vumbi litachukua wiki kuondoka. Nimepiga hesabu, wanafunzi 30 wanaenea wakibanana. Nijibu kabla ya Februari, maana bwana saruji ameshaanza kuulizia kuongeza mkataba na mimi sijui nimwambie nini.

Ni mimi, swahiba wako wa mahesabu.