Kabla mtoto hajaingia darasa la kwanza, tunamhitaji mzazi

Kila Januari, shule zikishafunguliwa wiki mbili hivi, simu ya kituo chetu huanza kuita jioni. Anayepiga ni mama au bibi wa mtoto aliyemaliza chekechea kwetu Desemba, na maneno hayapishani sana: "Mwalimu, mbona huyu hataki shule? Si kwenu alikuwa anakimbilia getini mwenyewe?"

Simu moja ya namna hiyo ndiyo iliyobadilisha huduma yetu ya kuwaandaa watoto na wazazi kwa darasa la kwanza. Mtoto mwenyewe alikuwa hodari: anasoma silabi, anahesabu mpaka hamsini, nyimbo zote anazo. Siku ya tatu ya darasa la kwanza akajikojolea, wenzake wakamcheka, na tangu hapo kila asubuhi ikawa vilio. Tulipokaa na mama yake tukagundua kwamba mtoto yule hakuwahi kumwomba mtu ruhusa ya kwenda chooni. Hapa kwetu dada huwapeleka wote kwa foleni baada ya uji. Kosa lilikuwa letu. Tulimfundisha kusoma, tukasahau kumfundisha kunyoosha mkono na kusema "Mwalimu, naomba kwenda chooni" mbele ya mtu asiyemjua.

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi. Sisi tunaoishi Dar es Salaam tunajua madarasa mengi yanavyopita hapo. Mwalimu wa darasa la kwanza, hata awe na upendo kiasi gani, hawezi kujua wiki ya kwanza kwamba huyu hasikii vizuri sikio moja, yule ana pumu, na mwingine akigombezwa kwa sauti kubwa hufunga mdomo siku nzima. Sisi tunayajua hayo, ila hatuhami na mtoto. Anayekuwa naye huku na kule ni mzazi peke yake.

Linalotuumiza zaidi ni suala la lugha. Wazazi wengi huchagua chekechea kwa kusikiliza kama watoto wanaongea Kiingereza. Mtoto anakariri ei, bii, sii mwaka mzima, halafu Januari anapelekwa shule ya serikali ambako anafundishwa kwa Kiswahili, na kusoma kunaanza na a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu. Ile E aliyozoea kuiita "ii" sasa inasomwa "e", na sauti "i" imehamia kwenye herufi aliyokuwa akiiita "ai". Anachanganyikiwa, anaonekana mzito, na neno hilo akishabandikwa haliondoki upesi. Ndiyo maana tunawauliza mapema, tangu Juni, mtoto anakwenda shule gani. Tukijua, miezi iliyobaki tunakaza silabi za Kiswahili, nanyi nyumbani mnafuata hizo hizo. Kiingereza atakikuta mbele, hakikimbii.

Nyumbani hatuwaombi mgeuke walimu. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kumuuliza mjukuu, "Leo umecheza na nani? Mwalimu kasema nini?" na kumsikiliza mpaka amalize. Mwacheni afunge vifungo vya shati mwenyewe, avae viatu, afungue chombo chake cha chakula, hata akichelewesha watu. Desemba tembeeni naye njia ya shule mpya kwa miguu, mara mbili au tatu, mkimwonyesha pa kuvukia barabara. Na alale mapema.

Tangu 2016, michango ya lazima ilipoondolewa shule za msingi za serikali, tunasikia baadhi ya wazazi wakisema mtoto sasa ni wa serikali. Sare, madaftari na chakula vilibaki kwa mzazi, na kulifungua daftari kila jioni ni kazi ya mzazi vilevile. Akina baba, hili tunalisema kwa heshima: mahudhurio yenu kwenye vikao bado ni madogo, na watoto wanaona nani amekuja.

Huduma yenyewe imo ndani ya ada ya muhula wa mwisho, hakuna nyongeza. Tunafanya vikao vitatu vya Jumamosi. Mwishoni kila mzazi anapewa karatasi moja inayomweleza mtoto wake: anachokiweza, kinachomtisha, afya yake. Mpelekeeni mwalimu mpya mkononi, msimtume dada wa nyumbani. Januari nzima, saa tisa hadi kumi na moja jioni, mlango wetu uko wazi kwa wazazi na watoto waliohama.

Kikao cha kwanza ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa tatu asubuhi, kwa sababu uandikishaji wa darasa la kwanza huanza mwezi huo. Njooni na cheti cha kuzaliwa tukikague pamoja. Ambaye hana tutamweleza hatua za kukipata RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Watoto waje pia, uji utakuwepo.