Kwa vijana mnaosomea dizaini hapa Mombasa

Wanangu, salaam aleikum na poleni na masomo.

Nimeletewa tena potifolio za vijana wanaotafuta atachimenti, ile ya kujifunza kazini, na kazi ni nzuri, sitawaficha, macho mnayo. Lakini nikiomba faili lenyewe nilifungue, hapo ndo taabu yaanza. Picha imetolewa WhatsApp ikavutwa mpaka imekuwa ukungu, rangi ziko RGB, yaani za kioo cha simu na si za wino, fonti (muundo wa herufi) haikugeuzwa kuwa umbo na mimi kwangu sina fonti hiyo kwa hiyo jina la mteja lafunguka kwa herufi nyengine kabisa, tena maandishi yamebanwa ukingoni na zile milimita 3 za ziada zinazopita ukingo, za kukatia, hazipo. Mtu wa mashine ya kukata hajui kama ulipata A, kisu kikishuka namba ya simu ya mteja yaenda na takataka.

Basi nendeni mkakae na wapiga chapa. Sio ile ya kutembezwa na mwalimu mkapiga selfi mkarudi, kaeni hasa, muulizeni fundi kwa nini ile bluu iliyokuwa yang'aa kwenye simu imetoka imefifia. Atakwambia kioo cha simu chatoa mwanga wake chenyewe lakini karatasi yategemea wino wa rangi nne, na kuna bluu na kijani wino huo hauzifikii hata ulie. Ukishayaona hayo kwa macho yako hutomuahidi mteja tena rangi asiyoweza kuipata.

Na mkipita Biashara Street ingieni pale Mali ya Abdulla, duka la tangu 1887, mtazame leso, zile kanga, kama watu wa kazi. Pindo pande zote nne, mji, yaani mchoro wenyewe, katikati, jina, yaani ule msemo, kwa chini, herufi kubwa zasomeka hata mwenye leso akiwa mbele yako anatembea. Mpangilio ni huo huo miaka yote na bado kila leso ina lake. Mtu anatafuta mafunzo ya mpangilio YouTube huko Marekani na mamake amejifunga somo zima kiunoni jikoni (mama zetu mtuwie radhi).

Pesa sasa. Arbuni kwanza, nusu iingie M-Pesa kabla hujafungua kompyuta, hata mteja akiwa mjomba, tena mjomba ndo haswa. Andika marekebisho ni mangapi ndani ya bei hiyo kwa sababu “badilisha kidogo tu” haina mwisho. Halafu kuna hili wengi hawalijui, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, yasema kazi ukiagizwa na mtu, hata kama si muajiri wako, hakimiliki yahesabiwa imehamia kwake isipokuwa mmekubaliana vyengine. Yaani ukinyamaza umetoa. Kwa hiyo kama wataka ubaki na zile logo mteja alizozikataa, au uutumie mchoro wako mahali pengine, iingie kwenye makubaliano mapema, sio baada ya kugombana.

Atakayekuja kwangu basi asije na mabango ya kampuni zisizokuwepo, za kujitungia, peke yake. Nileteeni kitu kilichochapwa, hata kadi ya harusi ya jirani, mnambie mwenyewe alitaka nini na mlibishana wapi. Asubuhi nipo siku zote, Ijumaa mwisho saa tano.