Kabla hujatia rangi kwenye gundi ya kalamu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi ni mzima, na barua yako ilinifurahisha sana, hasa pale uliposema hutaki tena kuficha nyufa za mbao unazokereza kuwa kalamu bali unataka zionekane. Hapo umenigusa. Ufa uliojazwa rangi nzuri unaweza kuwa ndiyo sehemu ya kwanza ambayo mtu anaigusa kwa kidole akishika kalamu.

Umeniuliza ni rangi gani inafaa kutiwa kwenye gundi ya kujazia nyufa hizo. Kabla ya rangi, tazama kwanza gundi yako inagandaje, maana kila gundi ina njia yake, na rangi isiyopatana na njia hiyo itaiharibu hata kama inapendeza machoni.

Gundi nyeupe ya mbao nitaipita haraka. Inaganda kwa kupoteza maji, kwa hiyo rangi yoyote ya maji inachanganyika nayo bila shida. Lakini maji yakishatoka, gundi inanywea na kuacha bonde kwenye ufa, tena haishiki vizuri kibomba cha shaba kinachokaa ndani ya kalamu. Iache kwa kazi nyingine.

Epoksi ndiyo yenye utajiri. Yenyewe haikauki: inaungana na hadina yake, yaani kigandishi kinachouzwa pamoja nayo, mpaka vyote viwili vinakuwa kitu kimoja kigumu. Maji hayana nafasi katika muungano huo. Ndiyo sababu sikushauri utumie rangi ya maji uliyoitaja. Wapo wanaotia tone dogo na ikakubali, ila ukizidisha kidogo tu unabaki na kitu chenye ukungu, au kinachonata siku nzima na kesho yake. Rangi za mafuta nazo zina mafuta yasiyoungana na epoksi, yanabaki humo yakiilegeza. Tumia rangi ya unga iliyo kavu kabisa, au rangi nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya epoksi. Masizi safi yanatoa weusi mzuri sana. Unga wa mika, madini yanayometameta, unatoa mng'ao.

Kiasi chake ni kidogo kuliko unavyodhani. Usivuke asilimia 5 ya uzito wa mchanganyiko, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu zaidi. Kwa gramu 10 za mchanganyiko, hiyo ni nusu gramu tu, na mara nyingi hata robo ya gramu inatosha. Pima epoksi kwanza, koroga rangi humo polepole mpaka madonge yaishe, halafu ndipo utie hadina, ukiihesabu kwa kipimo cha epoksi peke yake bila rangi. Ukifuata mpangilio huo unapata muda wa kuitengeneza rangi bila saa kukukimbiza. Na tafadhali, usiongeze hadina ili igande upesi. Hadina iliyozidi haina cha kuungana nacho, na inaacha kitu laini kisichoshika msasa.

Kwa nyufa chagua epoksi ya polepole. Ile ya dakika 5 inakuwa nzito kabla viputo havijapanda juu, na ukianza kukereza vinafunguka vyote kama matundu ya sindano. Kwa mika kuna jambo moja zaidi. Chembe zake ni vijibamba bapa, na katika epoksi nyepesi zinazama chini zikaacha juu bila rangi. Subiri mchanganyiko uanze kuwa mzito kidogo, koroga tena, ndipo umimine. Ukivuta kijiti taratibu ndani ya ufa, vijibamba vinalala upande unaovuta, na mng'ao unapata mkondo. Huo mkondo ndio unaonifanya niipende mika kuliko unga mwingine wowote.

Supaglu ni habari nyingine kabisa. Inagandishwa na unyevu ulioko hewani na juu ya vitu. Usiichanganye na unga kwenye kikombe, kwa sababu baadhi ya unga huigandisha papo hapo, na joto na moshi wake si vya kuchezea. Shindilia unga mkavu ndani ya ufa, kisha dondosha supaglu nyepesi, ile inayotiririka kama maji, unga wenyewe uinywe. Kwa nyufa nyembamba inafaa kuliko epoksi. Usipanguse kwa pamba, maana pamba na supaglu hupata joto kali pamoja. Ukitumia vumbi la mbao ileile ukidhani ufa utapotea, jua kwamba gundi inalifanya vumbi liwe jeusi kuliko mbao. Kwa maoni yangu kufananisha ni kazi bure: kiraka kinachokaribia kufanana kinaonekana ni kiraka, lakini cheusi kabisa kinaonekana kimekusudiwa.

Kama mbao yako ni nyeupe na ina vinyweleo wazi, izibe kwanza kwa tabaka jembamba la gundi isiyo na rangi. Vinginevyo weusi utatambaa nje ya ufa na kuchafua pembeni, na msasa hautautoa.

Sasa kibomba. Ukikereza kipande cha rezini (plastiki ngumu ya kumimina) inayopitisha mwanga, shaba inaonekana kwa ndani, pamoja na kila mahali gundi ilipokosekana. Mimi napaka rangi ndani ya tundu la keekee, naiacha ikauke kabisa, nakwaruza kibomba kwa msasa, halafu nakigundisha kwa epoksi yenye rangi ileile. Sipaki rangi juu ya shaba ikiwa naweza kuepuka, kwa sababu hapo gundi inashika rangi badala ya shaba yenyewe, na rangi ikibanduka kibomba kinalegea.

Na rangi usiihukumu kikombeni. Kikombeni ina kina cha sentimeta kadhaa, lakini ukimaliza kukereza, karibu na ncha za kalamu panabaki unene wa milimita moja hivi au pungufu. Bluu iliyoiva kikombeni inaweza kuwa majimaji pale. Paka tabaka jembamba juu ya plastiki angavu, liweke juu ya kipande cha shaba, litazame kwenye mwanga wa mchana. Hapo ndipo uamue kuongeza au kuacha.

Fikiria pia jua. Rangi za wino zinazoyeyuka kabisa zinapitisha mwanga kwa uzuri ajabu, lakini nyingi zinapauka. Rangi za chembechembe zinastahimili zaidi. Epoksi nayo huelekea unjano kadiri inavyopigwa na mwanga, hivyo nyeupe inakuwa ya manjano hafifu na bluu hafifu inaelekea kijani. Nyeusi, kahawia na dhahabu hazijali sana.

Vaa glovu kila mara, na barakoa unaposhika unga na unapopiga msasa. Mwili ukishaikataa epoksi mara moja, ngozi huwashwa kila ukiigusa, na hali hiyo haiondoki. Usikereze kabla haijaiva sawasawa: fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, hata kama juu panaonekana pagumu.

Kwa kipande ulichonieleza, ule ufa mpana ningeujaza mika ya dhahabu kwa epoksi ya polepole, na vile vinyufa vya pembeni ningevitia masizi na supaglu. Nitumie picha kabla hujaanza kung'arisha, maana wakati huo matundu ya viputo yanaonekana vizuri na bado yanajazika kwa unga uleule.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako wa karakana